Advansi si pesa yako: bumu, kamera na mwaka mzima wa chuo

Simu inasoma shilingi 812,000. Ni Desemba, chuo bado hakijafunga kwa Krismasi, na mwenye simu ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepiga picha za sendofu, zile sherehe za kumuaga bibi harusi, na za harusi zenyewe. Anajiona ameukata. Tuzigawe sasa. 360,000 ni bumu, yaani posho ya mkopo wa chuo, la siku 36 zilizobaki. 375,000 ni advansi za kazi tatu ambazo bado hazijapigwa. 60,000 ni za msaidizi aliyeshika taa ya flashi Jumamosi mbili zilizopita na hajalipwa. Zinabaki 17,000, na hizo ndizo zake.

Karibu kila aliyesoma kwa mkopo Dar es Salaam huku kamera iko begani amewahi kuisoma simu yake vibaya namna hiyo. Kosa lenyewe halionekani siku linapofanyika. Siku hiyo unanunua viatu, unawalipia washikaji chipsi kuku, unamtumia mama elfu 50 na mama anakuombea dua. Linaonekana wiki tano baadaye, saa nne usiku, mweka hazina wa kamati ya harusi anapopiga simu.

Bumu lina siku zake

Vyuo vyetu vingi hufungua Oktoba au Novemba, na bumu huja kwa mafungu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Kwa anayepata posho kamili, fungu la siku 60 ni 600,000. Wiki ya kusaini bumu ndiyo wiki ambayo Kariakoo humwita kila mwenye ndoto ya kamera.

Kamera ya laki 4 iliyonunuliwa wiki hiyo imekula siku 40. Siku zenyewe hazijafika, lakini zimeshaliwa. Kinachofuata kila mkaa hosteli anakijua: pasi ndefu, mlo mmoja wa saa tisa alasiri unaobeba chai, chakula cha mchana na cha usiku, halafu kukopa kwa wenzio, halafu kuwakwepa wenzio. Mwezi wa pili kamera inauzwa kwa bei ya kutupa, na wakati mwingine mnunuzi ni yuleyule aliyeiuza. Na deni la Bodi liko palepale. Ukija kuajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kulilipa, iwe zile siku 40 ulizila au hukuzila.

Kwa hiyo bumu lisinunue kifaa hata kimoja. Ligawe kwa idadi ya siku siku hiyohiyo linapoingia, uiandike tarehe ya mwisho mahali unapoiona, na usilitoe lote kwa mkupuo. Njia ambayo imewasaidia wengi ni laini mbili za simu: ya kwanza ya bumu na matumizi, ya pili ya kazi tu. Wateja hawaijui ya kwanza, na muuza chipsi haijui ya pili. Ukiweza kusajili Lipa Namba kwa ajili ya kazi ni bora zaidi, maana mteja analipia moja kwa moja na ule ugomvi wa “tuma na ya kutolea” unakwisha.

Kukodi kwanza

Kazi 10 za mwanzo zifanye kwa kamera ya kukodi. Tuseme kodi ya kamera na lenzi ni 40,000 kwa siku, na kamera ya aina hiyo iliyotumika inauzwa milioni 1.2. Bei hiyo ni siku 30 za kukodi. Kama huna uhakika wa kazi 30 ndani ya mwaka, kukodi ni nafuu. Hata ukiwa nazo, zile 10 za kwanza zitakuonyesha unahitaji nini, na mara nyingi hugundua kwamba kamera ilikuwa inatosha, ulichokosa ni flashi.

Kukodi nako kuna mitego yake. Kabla hujaondoka na kamera, piga picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo la lenzi, f/16, mbele ya mwenye mali, kisha ikuze kwenye kioo: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, kile kioo cha ndani kinachonasa picha. Piga kwa simu yako kila mkwaruzo uliopo, naye akiona. Fungua mlango wa betri, bonyeza vitufe vyote, washa na uzime. Ni dakika tano zenye haya kidogo, hasa kama mwenye kamera ni kaka mkubwa wa mwaka wa tatu unayemheshimu. Lakini usipozitoa, mkwaruzo wa mwaka juzi utakuwa wako Jumapili asubuhi.

Ukifika wakati wa kununua cha mtumba, shata, yaani pazia la ndani linalofunguka kila unapobonyeza, na fangasi ndivyo vya kuogopa. Kamera nyingi za ngazi ya kuanzia zina shata iliyokusudiwa kuvumilia mafyatuo takriban 100,000. Omba picha moja iliyopigwa mbele yako na uisome idadi kwa programu ya kusomea taarifa za faili; kamera za Nikon huiandika idadi hiyo ndani ya faili lenyewe, baadhi ya Canon huhitaji kuunganishwa na kompyuta. Anayekataa kukupa faili ana sababu.

Fangasi ni ugonjwa wa pwani. Vua vifuniko vyote viwili vya lenzi, fungua tundu lake hadi mwisho, washa tochi ya simu uielekeze kutoka nyuma, nawe utazame kutoka mbele kwa pembe, taa isikupige jicho moja kwa moja. Lenzi safi inaonyesha chembe mbili tatu za vumbi, hazidhuru. Lenzi yenye fangasi ina nyuzi nyembamba kama utando wa buibui mdogo, zimeanzia ukingoni na kutambaa kuelekea katikati. Irudishe, hata ukipunguziwa nusu ya bei. Na ukishapata nzima, usiilaze kwenye begi la kitambaa chini ya kitanda cha hosteli. Kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana na pakiti chache za silika jeli linatosha. Mchele ambao watu hushauri huacha vumbi, acha ule upikwe.

Mpangilio wa kununua, kwa maoni yangu: flashi, memori kadi mbili, betri ya pili, lenzi ya 50mm ya f/1.8, na mwili wa kamera mwisho kabisa. Ujue tu kwamba kwenye kamera za sensa ndogo ile 50mm huona kama 75mm au 80mm, hivyo chumbani kwenye kicheni pati utajikuta umebanwa ukutani na bado sura ya bibi harusi imejaa fremu. Lenzi ya 18–55mm inayokuja na kamera, pamoja na flashi iliyoelekezwa darini, hufanya kazi hiyo vizuri. Kicheni pati nimeitaja makusudi. Ni shughuli ya wanawake pekee ya kumfunda bibi harusi, mpiga picha wa kiume mara nyingi haingii, na wapiga picha wa kike ni wachache. Dada anayeanza leo ana soko ambalo kaka zake hawaligusi.

Bei na lile neno “punguza”

Chukua sendofu moja ya mfano iliyopatanwa kwa 250,000. Matumizi yake: usafiri wa kwenda na kurudi usiku na vifaa 25,000, msaidizi 40,000, kodi ya flashi ya pili 20,000, bando la kutuma picha 5,000. Hapo wengi huishia, wakasema wamebaki na 160,000. Bado kamera haijala. Kamera ya milioni 1.2 yenye mafyatuo 100,000 hula shilingi 12 kila unapobonyeza. Fremu 1,500 za usiku mmoja ni 18,000. Jumla 108,000, inabaki 142,000.

Sasa zihesabu saa. Kikao na kamati, saa 1. Njiani, 2. Ukumbini, 6. Kuchagua na kuedit, 10, na hapo una mkono mwepesi. Kupeleka, 1. Jumla saa 20, sawa na shilingi 7,100 kwa saa.

Mteja anasema, “Mdogo wangu, tusaidie, fanya 180,000.” Masikioni ni punguzo la 70,000, chini ya theluthi ya bei. Ila matumizi hayakupungua hata senti. Bodaboda hajui kwamba umempunguzia mtu. Kinachobaki ni 72,000 kwa saa zilezile 20, yaani 3,600 kwa saa. Umepunguza karibu nusu ya ujira wako kwa neno moja la heshima. Ukibidi kupunguza, punguza na kazi: saa sita ziwe nne, picha 400 zilizoeditiwa ziwe 200, msaidizi asije. Mtu akiona kinachoondoka, mara nyingi laki mbili na nusu huipata.

Kazi za bure nazo zipo, hatuwezi kujifanya hazipo. Za ndugu, za jumuiya, za rafiki wa chumbani. Weka mbili kwa muhula, usizidishe, na usiziite punguzo. Ukimwambia mtu “bei yangu ni 250,000 ila wewe nakufanyia bure”, amejua thamani yake na atawaambia wenzake bei sahihi. Ukimwambia 50,000, hiyo ndiyo bei yako mtaa mzima.

Kamati

Asiyejua kamati ya harusi inavyoendeshwa atapiga picha nzuri na alale njaa. Pesa za shughuli ni michango. Michango huahidiwa mapema, ikaingia kwa matone, na sehemu kubwa huingia wiki ya mwisho. Inapoingia ina foleni: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, keki, MC, muziki. Mpiga picha yuko mwishoni, kwa sababu ndiye pekee anayeweza kufanya kazi kwanza akalipwa baadaye. Mpishi asipopewa pesa ya nyama, nyama haipo. Wewe usipolipwa, picha zipo.

Baada ya shughuli kuna kuvunja kamati. Watu wanakaa, wanakula kilichobaki, wanasoma hesabu, wanashukuriana na kutawanyika. Tangu jioni hiyo hakuna tena mwenyekiti wala mweka hazina. Kuna watu binafsi walio Tegeta, Mbagala na Morogoro, kila mmoja akikuambia umpigie mwenzake. Kamati ikivunjwa, deni lako limevunjwa nalo.

Kwa hiyo kanuni ni moja na haina msamaha: nusu siku ya kuweka oda, nusu nyingine siku 3 kabla ya shughuli. Usiseme “kabla ya shughuli” tu, maana asubuhi ya harusi hakuna anayeshika simu. Iandike kwa ujumbe, hata kama mmekubaliana kwa mdomo, na uuandike kwa adabu ya mdogo anayeongea na mkubwa:

“Shikamoo mama. Nimepokea 125,000 ya sendofu ya tarehe 13 Desemba, asante sana. Salio ni 125,000, naomba lifike kufikia Jumatano tarehe 10. Nitakuwepo ukumbini kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku. Picha 300 zilizoeditiwa zitakuwa tayari ndani ya siku 14. Shughuli ikisogezwa, advansi inahamia tarehe mpya kama nina nafasi. Ikifutwa zaidi ya siku 14 kabla, narudisha yote. Ikifutwa chini ya hapo, narudisha nusu.”

Mama huyo akijibu “Sawa mwanangu”, una mkataba. Uhifadhi.

Sentensi za mwisho za ujumbe ule ndizo zinazomfichua aliyekula advansi. Harusi zetu husogezwa, kwa msiba hasa. Mweka hazina anapiga saa nne usiku: “Marahaba mwanangu. Ee, bwana harusi amefiwa na baba yake mkubwa, tumeona tusitishe kwanza. Ile 125,000 ukiirudisha kesho tutashukuru, tuna rambirambi.” Anaongea taratibu, hana ubaya. Na wewe unaangalia simu, ina 31,000, na bumu lina wiki tatu mbele. Wengine huzima simu. Wengine hukopa kwa mikopo ya simu na ada zake, wakachukua advansi ya kazi nyingine kulipia hii, na tangu hapo kila kazi inalipia kazi iliyopita. Hofu ya simu ikiita ni kitu kinachokaa mwilini. Kuna watu walimaliza chuo wakiwa bado wanashtuka wakiona namba ngeni.

Dawa yake ni rahisi hadi inachosha. Advansi ikiingia kwenye laini ya kazi, haitoki ila kwa matumizi ya kazi hiyohiyo: kodi ya flashi, usafiri, msaidizi. Siku umekabidhi picha, ndipo unachukua kilichobaki na kukigawa. Mgawanyo uliowafaa wengi ni robo kwa vifaa, robo akiba, nusu mfukoni. Kwa ile sendofu ya 250,000 ulishalipia matumizi ya 90,000. Mkononi una 160,000: 40,000 ya vifaa, ambayo ndiyo inayorudisha zile 18,000 za kamera na ziada, 40,000 akiba, 80,000 zako. Ni ndogo kuliko ulivyoota. Ila hakuna atakayekupigia kuidai.

Saa nazo zina wenyewe

Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa shahada ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200; zigawe kwa wiki 30 za masomo, ni saa 40 kwa wiki, vipindi na kujisomea pamoja. Sendofu moja ya saa 20 ni nusu ya wiki ya shule. Mbili kwa wiki moja zimeimaliza wiki nzima, na usingizi ndio unaolipa, halafu kosiweki. Katika mpangilio wa alama 40 za kosiweki na 60 za UE, ule mtihani wa mwisho wa muhula, anayepiga harusi kila Jumamosi huanza kupoteza kwenye zile 40 kimyakimya: testi aliyoikosa, asaimenti aliyonakili, kundi lililomwandikia jina lake kwa kununa.

Kundi la asaimenti lina siasa zake. Wenzako wanakuona unaingia na begi la kamera, wanadhani una hela na unawadharau. Chukua sehemu yako ya kazi mapema kabisa, ile ya kwanza, utangulizi au kukusanya data, uimalize Jumanne. Kamwe usichukue kuunganisha na kuprinti, maana hiyo huangukia Ijumaa na Jumamosi.

Mwanzoni mwa muhula, ukipewa ratiba za masomo, kaa na kalenda moja, siyo mbili. Ziandike testi zote zinazojulikana. Nyingine hupangwa Jumamosi. Futa kabisa wiki 2 kabla ya UE na wiki za UE zenyewe: hakuna oda, hata ya shangazi. Kisha ruhusu shughuli moja kubwa kwa wiki, na wiki mbili za katikati ya muhula zisiwe na kitu, kwa sababu ndipo editi zilizorundikana humalizwa. Testi ikitangazwa ghafla juu ya kazi iliyolipiwa, unahitaji mbadala: mwenzako mmoja ambaye mitindo yenu inakaribiana, mmeshakubaliana mapema kwamba anayekwenda ukumbini anachukua asilimia 70, aliyeleta kazi 30. Mwambie mteja mapema, jina la anayekuja na sampuli za picha zake. Wateja hukasirika wanapoona sura ngeni siku yenyewe. Wakijulishwa Jumatatu huelewa.

Sup, yaani mtihani wa kurudia, ina gharama ambayo haimo kwenye karatasi ya matokeo. Hufanywa wakati wa likizo, kipindi ambacho ungekuwa unafanya kazi bila kugombana na mtu. Sup mbili zinaweza kukugharimu harusi tatu.

Msimu

Harusi zetu zina mvua na kiangazi. Desemba ni mafuriko. Kisha huja Kwaresima, ambapo makanisa mengi hayafungishi ndoa, na Ramadhani, ambapo shughuli za Waislamu husimama. Mwaka 2026 vyote viwili vilianza wiki moja, katikati ya Februari, na mtu aliyezoea kazi nne kwa mwezi alijikuta hana hata moja hadi Idd. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, Kwaresima huhama na Pasaka. Zitazame zote mbili kabla hujajipangia bajeti ya muhula. Akiba ya Desemba ndiyo chakula cha Machi.

Kiangazi hicho si laana. Hukutana na mwanzo wa muhula wa pili au mwisho wa wa kwanza, wakati shule inakuhitaji. Fanya kazi zisizo na ukumbi: picha za pasipoti na wasifu wa kazi kwa wanaoomba fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, picha za bidhaa kwa wauza nguo wa mtandaoni, vipeperushi. Kwa picha za nguo tatu tatu mchana kwenye kivuli cha mwembe huhitaji hata flashi. Kisha Idd na Pasaka zikipita mlango hufunguka kwa kishindo, na kishindo hicho huelekea moja kwa moja kwenye UE za Julai. Hapo ndipo wapiga picha wa harusi hupotelea.

Mambo yanayokula faida

Fremu 1,500 kwa faili ghafi za megabaiti 25 ni karibu gigabaiti 37. Memori kadi ya gigabaiti 64 inatosha usiku mmoja, lakini usiku mmoja tu. Usiifute kadi mpaka picha ziwe mahali pawili tofauti, laptopu na diski ya nje, na diski hiyo isilale begi moja na laptopu. Mwizi wa daladala hachagui. Ukipoteza picha za harusi, hakuna kurudia. Utarudisha pesa zote na bado utakuwa umeikosea ile familia kwa namna isiyolipika.

Kutuma nako ni pesa. Picha 400 za megabaiti 8 ni gigabaiti 3.2. Zipunguze upande mrefu uwe pikseli 2,048, ubaki na megabaiti 1 hivi kila moja, tuma hizo kwa ajili ya simu, na zile kubwa uzikabidhi kwenye flashi diski ambayo bei yake uliiweka kwenye makadirio. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo zitasagwa na mteja atasema kamera yako mbovu.

Kuna na ile mistari ya giza inayokatiza picha ukumbini, chini ya taa za bei nafuu za mapambo. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Weka shata kwenye 1/100 au 1/50, na kama kamera ina shata ya kimya ya kielektroniki, izime. Kuondoa mistari kwenye picha 200 ni siku mbili za editi ambazo hakuna aliyezilipia.

Ukianza kupata kazi za taasisi, semina na warsha, watakudai TIN, namba ya mlipakodi. TRA huitoa bure, uwe na namba ya NIDA. Watakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Dai cheti chake na ukitunze. Ankara ya 400,000 itaingia 380,000, na itaingia baada ya wiki nyingi, kwa hiyo usiihesabu kwenye mwezi huu. Na kabla hujaibandika picha ya mteja yeyote mtandaoni, omba ruhusa kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, na kabla ya sheria kuna mabibi harusi ambao hawataki kabisa mkwe wa Pemba aione kicheni pati yao.

Bumu la mwisho

Julai ya mwaka wa mwisho bumu hukoma, na hosteli nayo. Wenye nyumba wengi wa Dar hudai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Kwa chumba cha 80,000 hiyo ni 480,000 siku ya kwanza, bado godoro na luku. Zile 40,000 za akiba kutoka kila kazi, kwa kazi 12 tu, ni 480,000 kamili. Ndiyo maana hazikuwa za viatu.

Novemba huja mahafali, ambayo kwa mpiga picha wa chuo ni mavuno: watu wenye majoho, familia zimetoka mikoani, kila mmoja anataka picha kumi na anazilipia papo hapo. Mwaka unaohitimu wewe, oda za siku hiyo wape wenzako wa mwaka wa pili kwa ule mgawo wa 70 kwa 30. Mama yako atakuwa ametoka Songea kwa basi, na hatapenda kukuona umepiga goti mbele ya familia ya watu. Mtafute mpiga picha wako. Mlipe nusu siku ya oda, na nusu nyingine siku 3 kabla.